Lulu ya Bandia: Uhakiki wa Ngoma ya Ludwig ya Miaka ya 1960

Ngoma kuukuu husomwa kuanzia ndani. Mgeni sokoni hutazama rangi na krome, akaishia hapo. Mkusanyaji mzoefu hulegeza boliti, akavua ngozi ya juu, akamulika tochi ndani ya mzinga. Kwenye ngoma ya Ludwig iliyotoka Chicago katikati ya miaka ya 1960 atakuta ukuta uliopakwa rangi nyeupe, pete nene ya mbao juu na nyingine chini, na mahali fulani juu ya weupe huo muhuri wa wino mwekundu: mwezi, siku, mwaka. Akigeukia nje, kwenye tundu la hewa, atakuta beji ya shaba yenye umbo la jiwe la kilele cha tao, ina namba, na imebanwa na kijipete kilekile kinachozunguka tundu. Bei ya ngoma inaanzia hapo, kabla hata haijapigwa.

Mashahidi hao wawili, muhuri na beji, hawakubaliani kila mara. Kiwandani beji zilichotwa sandukuni bila kufuata mpangilio, kwa hiyo namba kubwa haina maana kwamba ngoma ni changa, na ngoma mbili za mwezi mmoja zaweza kuwa na namba zilizoachana mbali. Msomaji mzuri huuamini muhuri kuliko beji, kwa sababu muhuri uligongwa kwenye mzinga wenyewe, ilhali beji hung'olewa, ikauzwa, ikabandikwa kwingine. Na si kila ngoma iligongwa muhuri. Ikikosekana, itabidi kutafuta ushahidi katika rangi ya ndani, umbo la vishikizo vya chuma vinavyokaza ngozi, hata sponji na vitambaa vya kuzimia mwangwi.

Ninachotaka kusema kuhusu biashara hii ni kwamba soko la ngoma kuukuu, hata pale linapoonekana limerukwa na akili, hulipia ushahidi. Ukarabati wa rangi hushusha bei kwa kuwa humfunga mdomo shahidi. Hapo nakubaliana na soko. Ila soko hilohilo lina jicho kali na sikio zito, na udhaifu huo wahakiki wake hawausemi vya kutosha.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. William F. Ludwig na nduguye Theobald walianza mwaka 1909 huko Chicago, wakiwa na pedali ya kupigia ngoma kubwa kwa mguu. Baadaye kampuni ikauzwa kwa Conn, kampuni nyingine ya vyombo vya muziki, na jina la ukoo likaenda pamoja nayo. William alipoanza upya mwaka 1937 hakuruhusiwa kulitumia jina lake mwenyewe kwenye ngoma zake. Akatumia herufi tatu, WFL. Mwaka 1955 familia ikalinunua jina. Ndiyo maana beji ya Ludwig ina uzito kwa wakusanyaji kupita mapambo ya kawaida: ni jina lililopotea likarudishwa kwa fedha.

Mzinga wa enzi hizo ulikuwa mwembamba, wa matabaka matatu yaliyogandishwa kwa gundi na kukunjwa duara: mahogani au mepo nje na ndani, popla laini katikati. Mbao nyembamba namna hiyo ikiachwa peke yake hupinda ikawa yai, kwa hiyo wakaweka zile pete mbili za kuikaza. Pete hizo zilikuwa dawa ya udhaifu wa mzinga, lakini leo wapigaji wanazisifia kwa sauti: ngoma yenye pete, wanasema, hutoa mlio mnene unaokatika mapema, ilhali mzinga wa matabaka sita usio na pete, ambao Ludwig waliuhamia katikati ya miaka ya 1970, hulia kwa ukali zaidi. Wanaozipenda za kwanza ni wengi, na bei zao zinasema hivyo.

Tarehe 9 Februari 1964 Beatles walitokea kwenye kipindi cha Ed Sullivan, wakatazamwa na watu wapatao milioni 73. Nyuma kabisa ya jukwaa alikaa Ringo Starr, na mbele yake neno Ludwig lilisomeka kwenye ngozi ya ngoma kubwa. Kiwanda cha Damen Avenue kikaanza kufanya kazi usiku na mchana. Ukiimulika ngoma ya mwaka 1964 au 1965 unaiona haraka hiyo: rangi nyeupe imefika hapa haikufika pale, kingo zimekatwa kwa mkono uliochoka, muhuri umegongwa mshazari au kichwa chini. Mhakiki wa fasihi angesema mazingira ya utunzi yameingia ndani ya fani. Cha ajabu ni kwamba mkusanyaji hazihesabu dosari hizi kuwa kasoro. Anazitafuta. Ngoma iliyo safi mno kwa ndani ndiyo inayomtia wasiwasi, kwa maana huenda kuna mtu alipita na brashi miaka thelathini baadaye.

Sasa tutoke nje, kwenye ganda.

Ngoma nyingi za Marekani za karne iliyopita hazikupakwa rangi. Zilivikwa karatasi ngumu ya plastiki iliyogandishwa kuzunguka mzinga. Zamani plastiki hiyo ilikuwa seluloidi, nitreti ya selulosi iliyochanganywa na kafuri, na mng'ao wake wa lulu ulitokana na kitu cha kawaida kabisa: magamba ya samaki, yaliyosagwa na kusafishwa mpaka yakawa uji wa fedha. Uji huo ulikorogwa ndani ya seluloidi, na mkorogo ukaacha mawimbi. Karatasi iliyotengenezwa hivyo ilipamba akodiani, magitaa, vitana, hata vifuniko vya choo. Wapigaji wa Marekani mpaka leo wanautania urembo huo kwa jina la choo. Kuna ucheshi ndani yake. Chombo kinachouzwa kwa fahari mnadani kimevaa vazi moja na kiti cha msalani.

Ila tusidharau. Ganda hilo lina ufundi wa umbo ambao rangi ya kupaka haina. Chukua lile lililofanywa maarufu na Ringo, jeusi lenye mawimbi ya kijivu, lililopewa jina la lulu ya chaza mweusi. Mwaka 1963 alikwenda Drum City, duka la Ivor Arbiter katika mtaa wa Shaftesbury Avenue, London, akachagua rangi kutoka kwenye vipande vya sampuli. Arbiter alikuwa ndio kwanza ameanza kuziuza Ludwig nchini Uingereza, akahakikisha jina linaonekana kwenye ngozi ya mbele. Ukiitazama rangi hiyo kwa mbali ni nyeusi. Kwa karibu haina weusi uliotulia hata kidogo: moshi unapanda, unajikunja, unakatika ghafla kwenye kiungo cha karatasi, unaanza upya. Mwanga wa jukwaa ukiipiga, mawimbi ya kijivu hujitokeza na weusi hurudi nyuma. Katika televisheni isiyo na rangi, ganda hilo lilikuwa na uhai ambao ngoma nyekundu au ya bluu isingeupata.

Na mawimbi hayo hayajirudii. Kila kipande kilichokatwa kina mchoro wake, kwa hiyo hakuna tomu mbili za Ludwig zenye moshi unaofanana. Kutokana na hili wataalamu huchukua picha ya zamani iliyopigwa jukwaani, wakaikuza, wakafuata mkunjo mmoja wa kijivu karibu na kishikizo cha tatu, wakaulinganisha na ngoma iliyo mezani. Mkunjo ukilingana, ngoma ndiyo yenyewe. Usipolingana, maneno ya muuzaji hayasaidii. Plastiki iliyobuniwa ili kumwiga chaza imegeuka kitambulisho kisichoghushiwa kirahisi kuliko namba iliyopigwa kwenye shaba.

Maganda ya rangi nyingine yanasema kwa njia tofauti. Yale ya kumetameta, yenye vijipande vya metali ndani ya tabaka angavu, husema kwa kuchujuka. Tabaka angavu la juu hugeuka manjano kwa mwanga na umri. Manjano juu ya bluu huzaa kijani. Manjano juu ya fedha huzaa kitu kinachokaribia dhahabu. Lulu nyeupe hugeuka rangi ya siagi, kisha rangi ya tangawizi. Legeza skrubu mbili zinazoshika kishikizo kimoja kutoka ndani, kiondoe taratibu. Chini yake, kwa umbo lilelile la chuma, utakuta bluu kama ilivyotoka Chicago: baridi, kali, ya kiwandani. Kuizunguka ni kijani cha bahari ya kina kifupi. Mpaka kati ya rangi hizo mbili umekatwa kama kwa wembe. Izungushe ngoma na mara nyingi utaona upande mmoja umeiva kuliko mwingine, na hapo utajua kwamba kwa miaka mingi ilikaa mahali pamoja, upande mmoja ukiangalia dirisha.

Seluloidi pia ina ugonjwa wa kuzaliwa nao. Kafuri huvukiza polepole, karatasi hunywea, kiungo hufunguka, nyufa huanza kwenye matundu ya skrubu ambako mvuto ni mkali. Ikioza hutoa tindikali inayokula krome iliyo jirani. Na inashika moto upesi. Kwa hiyo ganda tunaloliita la asili halikusimama mahali pamoja tangu siku lilipobandikwa. Limekuwa likiendelea kuandikwa.

Darasani tulifundishwa kuigawa kazi ya sanaa mafungu mawili, fani na maudhui, kisha tukaonywa na walimu haohao kwamba mgawanyo huo ni wa kurahisisha somo tu. Kwenye ngoma kuukuu mtu hushawishika kusema ganda ni fani na sauti ndiyo maudhui. Angalia basi kilichotokea mwishoni mwa mwaka 2015 kwenye minada ya Julien's huko Marekani. Mwezi Novemba iliuzwa ngozi ya mbele ya ngoma kubwa, ile iliyoonekana kwenye kipindi cha Ed Sullivan: duara la plastiki lenye maandishi. Ilifika dola milioni 2.125. Mwezi Desemba ikauzwa seti ya Ringo ya mwaka 1963, vipande vitatu, ngoma kubwa, tomu ya juu na tomu ya chini, aliyoipiga tangu Mei 1963 hadi Februari 1964. Ilifika dola milioni 2.2. Mnunuzi alikuwa mmoja kwa vyote viwili, Jim Irsay, aliyekuwa mmiliki wa timu ya Indianapolis Colts.

Ziweke bei hizo mbili bega kwa bega. Ngozi ya mbele peke yake hailii. Isipofungwa kwenye mzinga ni bango. Seti ndiyo iliyosikika kwenye baadhi ya rekodi za Beatles zilizouzwa kupita zote. Tofauti kati yao haifiki hata dola laki moja. Mchoraji wa mabango Eddie Stokes, aliyeichora ile nembo ya Beatles yenye T ndefu, iliyolipiwa pauni 5, alifanya kazi ambayo soko limeipima karibu sawa na kazi ya seremala, ya mpigaji na ya kiwanda kizima. Mtu anaweza kucheka. Mimi naona soko limesema kweli kuhusu jambo linalonunuliwa: watu hawa wananunua kilichoonwa jukwaani. Maudhui ya ngoma hii, kwa mnunuzi wake, yako juu ya ngozi na ganda.

Hali ni ileile hata pasipo jina kubwa, ila kwa tarakimu ndogo. Gretsch, kampuni iliyoanzishwa Brooklyn mwaka 1883, ilitumia beji ya mviringo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha ikaja beji ya pembe nane. Za mviringo zinabeba kumbukumbu za wapigaji wa jazi Max Roach, Art Blakey na Elvin Jones, na seti ndogo yenye ngoma kubwa ya inchi 18 hugombewa kwelikweli. Funga macho, piga ya mwisho ya mviringo na ya kwanza ya pembe nane; wengi hawatajua ipi ni ipi. Fungua macho, bei zinaachana.

Tukifika hapo, hasara ya ukarabati inajieleza. Miaka ya 1970 ilikuwa mibaya kwa ngoma hizi. Ulikuja mtindo wa mbao tupu: ganda likavuliwa, mzinga ukapigwa msasa na kupakwa vanishi ya asali. Ringo mwenyewe alikuwa amehamia kwenye seti ya mepo ya rangi ya mbao mwaka 1968, na anaonekana nayo kwenye picha za Januari 1969, ngoma zikiwa zimefunikwa taulo. Ulikuja pia mtindo wa kupiga tomu bila ngozi ya chini, na watu wakang'oa vyuma vya chini wakavitupa. Vijana walitoboa mizinga ili kufunga vishikilio vipya. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Zilikuwa ngoma za mitumba za bei nafuu, na mwenye chombo hukirekebisha.

Kilichotokea chini ya ganda kinastahili kutazamwa. Kiwanda hakikuichagua mbao hiyo ili ionekane. Mzinga wa kuvikwa plastiki ulipewa venia yenye vifundo, viraka na mapengo yaliyojazwa. Nzuri zaidi ziliwekwa kando kwa ngoma za kupakwa vanishi. Anayelivua ganda akitarajia kukuta mepo safi hukuta gundi kavu na viraka, kisha anaanza kuvificha kwa rangi nzito. Joto la kulegeza gundi likizidi juu ya seluloidi ya zamani, karakana inaweza kuungua. Ganda jipya nalo mara nyingi ni nene kuliko la kwanza: ngozi inaingia kwa kusukumwa, inakaa upande, haishiki sauti.

Na msomaji makini atakugundua tu. Ngoma kubwa ina mataji mawili ya mbao, na kwenye kila taji kuna utepe mwembamba wa ganda lilelile la mzinga. Wanaovika upya husahau utepe, au hukosa wa kufanana nao, basi mzinga ni bluu kali na utepe ni kijani kilichochujuka. Kijipete cha beji kilichong'olewa na kurudishwa huwa na kingo zilizopasuka. Kiungo cha ganda kinakaa mahali ambapo kiwanda hakikuwa na desturi ya kukiweka. Ndani, kwenye weupe, duara la kijiti kilichozibia tundu linaonekana kama kovu hata likipakwa vipi.

Kuvua ganda ni sawa na mnakili aliyepewa muswada mkongwe wa utenzi, akaona wino umefifia, akauandika upya kwa hati nzuri na kuuchoma ule wa kwanza. Beti zimebaki. Lakini hakuna tena atakayejua mkono wa awali uliandika nini pembezoni, wala neno lipi lilifutwa. Soko linapokata sehemu kubwa ya bei ya ngoma iliyovikwa upya, linadai fidia ya muswada uliochomwa, na sioni kwa nini tulilaumu.

Lawama yangu iko kwingine, kwenye ukingo wa mzinga, pale ngozi inapokaa. Huo ndio mdomo wa ngoma. Ukiwa wa mviringo, ngozi inagusa mbao nyingi na sauti inakuwa nene, fupi, ya joto. Ukichongwa uwe mkali kwa nyuzi 45, ngozi inagusa uzi mwembamba wa mbao na sauti inarefuka, inachangamka, inafanana na ya ngoma mpya. Kuuchonga upya kwa mtindo wa kisasa kunabadilisha sauti ya ngoma ya 1964 kuliko ganda lolote jipya litakavyoibadilisha, na mbao iliyokwenda hairudi. Hata hivyo kuna matangazo ya kuuza yanayosema kwa majivuno kwamba kingo zimechongwa upya na fundi, kana kwamba ni nyongeza, wakati muuzaji huyohuyo angeomba radhi kwa ganda lisilo la asili. Wakusanyaji wakali hukunja uso, kweli, lakini adhabu yao kwa kingo ni ya upole ukiilinganisha na adhabu ya rangi. Ndilo sikio zito nililolitaja.

Ushahidi mwingine ni ngoma ya snea ya Ludwig ya alumini iliyopakwa krome, namba 400, ambayo wengi huiita snea iliyorekodiwa kuliko zote. Krome haishikamani vizuri na alumini. Baada ya miaka inatoka vidonda vidogo, kisha inabanduka magamba. Vidonda hivyo havibadilishi mlio unaosikika. Wapigaji wa studio wanajua, nao huzinunua zenye vidonda kwa furaha, kwa sababu bei imeshushwa na jicho la mtu mwingine. Kuipaka krome upya ni kazi ngumu na ya gharama, na mwisho wake unapata chombo ambacho mkusanyaji hakitaki na mpigaji hakukihitaji kiwe hivyo.

Buddy Rich, mpiga ngoma wa jazi, aliishi upande wa wapigaji. Katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki mwaka 1987, aliacha ngoma mpya akarudia Slingerland za aina ya Radio King za miaka ya 1940, zilizokarabatiwa na fundi Joe MacSweeney wa kampuni ya ngoma ya Eames. Mtu ambaye kampuni zote zilimtaka apige ngoma zao alichagua chombo kuukuu kilichopita mikononi mwa seremala. Alikitaka kwa ajili ya mlio, akakipiga kila usiku. Kwa kipimo cha mkusanyaji ngoma hizo zilikuwa zimeguswa. Kwa kipimo cha mpigaji zilikuwa zimerudishwa kazini.

Kwetu Tanzania, upande huo ndio pekee tulioujua. Vyombo vya bendi za dansi mara nyingi vilikuwa mali ya taasisi au ya mwenye klabu. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilipiga kwa vyombo vya chama cha wafanyakazi. Chombo kilitakiwa kilie Ijumaa. Kikivunjika kilifungwa waya, rangi ikichakaa kilipakwa ile iliyokuwepo. Sidhani kama tulikosea. Lakini leo ukitaka kuisoma sauti ya miaka ile kupitia chombo chenyewe, utahangaika.

Basi nani akarabati, na nini? Ganda la asili liachwe, hata likiwa limechujuka, hata likiwa na ufa. Ufa unaweza kugandishwa, na kijani kilichozaliwa na bluu si uchafu wa kusuguliwa. Ganda likishatoweka, au likiwa limeoza kiasi cha kula vyuma, livikwe jipya bila aibu, kwa unene wa lile la kwanza na pamoja na utepe wa mataji. Mzinga uliokwisha kutobolewa na kuvuliwa miaka ya 1970 ni wa mpigaji, auvike anachopenda. Kingo ziguswe mwisho kabisa, na zikiguswa zifuate umbo lililokuwepo, si umbo la katalogi ya mwaka huu. Beji za kunakili na mihuri mipya ya wino mwekundu, ambazo zipo na zinauzwa, ni kughushi, hata kama zimewekwa kwa ajili ya urembo tu: mmiliki wa kwanza anajua, wa tatu hatajua.

Kuna jambo ambalo mafundi wazuri wa magitaa na fidla hulifanya na mafundi wa ngoma wangepaswa kuliiga kwa lazima: kutia sahihi ndani. Penseli inatosha. Mwaka, jina, kilichoondolewa, kilichowekwa. Ngoma iliyovikwa upya na kukiri hivyo kwa maandishi ni ya kweli kuliko ile inayong'aa kimya, na ningeilipia zaidi.

Ukiwa na ngoma ya namna hii ndani, iwe ya Ludwig, Slingerland, Rogers au Premier, usianze na msasa. Fungua ngozi, piga picha ya muhuri, ya namba ya beji, ya kingo na ya rangi iliyojificha chini ya kishikizo kimoja. Weka kila skrubu uliyoitoa kwenye bahasha. Rangi inaweza kusubiri mwaka mwingine. Picha hizo zipigwe leo.